Wafadhili na mageuzi ya Zanzibar
Ndugu yangu, umeuliza kama bila ya shinikizo la wafadhili Zanzibar ingepata mageuzi. Wafadhili walisitisha misaada baada ya uchaguzi wa 1995, na Muafaka wa 1999, yaani makubaliano ya CCM na CUF yaliyosimamiwa na Jumuiya ya Madola, haukuzuia damu kumwagika huku kwetu Pemba Januari 2001. Kilichotufikisha kwenye kura ya maoni ya Julai 31, 2010, juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, ni mazungumzo ya Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, yaliyoanza Novemba 2009 bila ya msuluhishi wa kigeni. Siku ile, Wete, bibi yangu alisimama foleni tangu asubuhi, kaegemea bakora, akituambia kuwa safari hii haogopi. Marekani iliposimamisha fedha za MCC, shirika lake la misaada ya maendeleo, Machi 2016 kwa sababu ya uchaguzi wetu wa marudio, matokeo yalibaki yale yale.