Usiiamini taa ya kijani
Ndugu yangu unayeanza kazi ya kutunza wazee huku Marekani, nikusimulie zamu yangu ya tatu ya usiku. Nilimkuta bibi mmoja ameketi sakafuni kando ya kitanda, mguu mmoja una soksi, mwingine mtupu. Kengele ya kitandani, ile inayopaswa kulia mzee akiinuka, ilikuwepo, taa yake ya kijani inawaka vizuri, wala haikulia. Bahati yake hakuvunjika. Bahati yangu pia.

Nesi aliinua shuka, akavuta mkeka mwembamba wa kengele hiyo, unaohisi uzito, akanionyesha tarehe nyuma yake. Ulikuwa umepitwa na wakati miezi miwili. Mikeka hii huchoka: ipo ya siku 30, ya siku 90, ya mwaka mzima, na siku huhesabiwa tangu inapoanza kutumika. Ukifungua mpya, andika tarehe papo hapo kwa kalamu isiyofutika. Taa ile haikuhakikishii kwamba mkeka bado unahisi uzito. Mimi hupima mzee anapoinuka kwenda chooni nikiwa nimemshika: kengele isipolia, siondoki chumbani kabla haijabadilishwa.

Hata hivyo, usizitegemee sana. Tangu Novemba 2017 mwongozo wa wakaguzi wa serikali kuu unasema kengele hizi zaweza kuhesabiwa kuwa namna ya kumfunga mzee, maana wengine huogopa hata kujigeuza zisije zikalia. Nyumba nyingi za wazee zimezipunguza, nami naona ni sawa.

Kwenye kiti cha magurudumu, funga breki kisha jaribu kukisukuma uone kama kinasogea. Breki nyingi hubana tairi, kwa hiyo tairi likiisha au likipungua upepo, mkono wa breki utafunga na gurudumu litazunguka vilevile. Kiti kibovu usikirudishe kikapangwa na wenzake. Wa zamu ya asubuhi atakichukua hichohicho. Kibandike karatasi, kitoe, mwandikie fundi.

Fremu ya kutembelea igeuze uangalie vifuniko vya raba vya miguu yake. Kitambaa cha winchi, ile mashine ya kumwinua mzee, kague vitanzi na mishono. Jiki hula nyuzi polepole, na kikichanika mzee yuko hewani.

Yule bibi nilimuuliza alikuwa anakwenda wapi. Akasema anatafuta soksi yake. Niliikuta chini ya kitanda, vitone vyake vya raba vya kuzuia kuteleza vimefutika kwa kufuliwa.