Beji za velkro kwenye kombati: ushauri kwa vijana wetu wanaoingia jeshi la Marekani

Kuna kijana wa Tanga alipata grini kadi kwa bahati nasibu, sa hivi ameshaapa na anasubiri kwenda besiki, yani mafunzo ya mwanzo ya askari, juzi kanitumia WhatsApp picha ya beji tatu alizonunua mtandaoni, moja ina fuvu, nyingine ina maneno ya Kigiriki hata yeye hajui yanasema nini, ananiuliza "kaka hizi naruhusiwa kuvaa?" Nikamjibu kwa kifupi kwamba aziache nyumbani, alafu nikaona bora niandike kwa kirefu maana hili swali nimeulizwa sana na mwenyewe liliniponza mwaka wangu wa kwanza kwenye jeshi hilo hilo.

Tuelewane kwanza. Kombati ya jeshi la nchi kavu la Marekani ina velkro mikononi, ile kitu inayolia kraaa ukiibandua. Bega la kushoto unaweka nembo ya kikosi unachotumikia sasa. La kulia inakaa bendera, na chini ya bendera inakaa nembo ya kikosi ulichoenda nacho vitani. Kama hujaenda popote pale panabaki patupu. Na hapo ndo shida inapoanzia, maana kuruta mpya anamuangalia mkongwe ana nembo huku na huku, anajiangalia yeye bega tupu, roho inamuuma. Anatafuta kitu cha kubandika. Maduka yapo kibao karibu na kila kambi, dola chache tu unapata fuvu, simba, mzaha wa kikosi, chochote unachotaka. Hizi wanaziita pachi za morali. Kanuni yenyewe ya mavazi inaitwa AR 670-1 na msimamo wake ni kwamba kisichoruhusiwa kuvaliwa basi hakivaliwi, ila kamanda mmoja anafumba macho mkiwa porini kwenye mazoezi na mwingine hataki kuona hata uzi.

Mimi nilipewa yangu bure. Mshkaji wa platuni yetu alinipa pachi nyeusi ina mistari miwili myeupe ya radi imesimama sambamba. Sasa mimi nimekulia Mwanza, radi na fuvu nimeviona tangu mtoto kwenye transfoma za umeme, HATARI, usiguse. Nikajua maana yake ni hiyo hiyo, hatari, usiguse. Nikabandika tukiwa mazoezini, nikapiga picha, nikatuma Facebook, ndugu zangu wakajaza pongezi.

Kesho yake asubuhi sajenti wangu, mama mmoja mweusi wa Alabama, akanisogelea kwenye foleni ya chai. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akabandua ile kitu begani kwangu, ule mlio wa velkro nausikia mpaka leo, akaniwekea kiganjani akanikunja vidole mwenyewe. Akaniuliza, unajua hii ni ya nani? Nikamwambia ni umeme. Akanitazama kwa muda alafu akasema hizi ni alama za SS, wale wa Hitler, na kuna watu nchi hii wakiiona wanajua kabisa unamchukia mtu kama mimi, na kama wewe pia. Nilitamani ardhi ipasuke. Yani mimi mtoto wa Kisukuma nimevaa alama ya watu ambao wasingenihesabu kuwa binadamu, na nimeituma kwa mama yangu mzazi.

Baadae nikaja kusoma kwamba hata wenyeji imewakuta. Septemba 2010 huko Sangin, Afghanistani, wadunguzi wa Marines walipiga picha na bendera yenye alama hizo hizo, ikavuja Februari 2012 ikawa aibu ya dunia, maelezo yaliyotoka jeshini yakawa kwamba walidhani ni herufi za kazi yao, maana kwa Kiingereza wanaitwa "scout sniper", S mbili. Kwaiyo kutojua kupo, ila picha haina pa kuandika kwamba hukujua.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu kanuni kabisa. Kabla hujabandika, uliza ile alama inamwambia nini mtu anayekutazama, achana na inavyokuambia wewe. Alama zinahama maana. Divisheni ya 45 ya Marekani ilikuwa na swastika, ule msalaba wenye ncha zilizokunjwa, ya njano kwenye mraba mwekundu, tena nembo rasmi kabisa, waliichukua kwa heshima ya Wahindi Wekundu wa majimbo yao ambao waliitumia miaka na miaka kama alama ya heri. Hitler alipoichafua ikabidi waiache, 1939 wakaweka ndege wa radi badala yake. Mchoro ni ule ule lakini macho ya watu yalishabadilika, na huwezi kumpita kila mtu unamwelezea historia.

Ya pili nilifundishwa na mzee wa dobi Kuwait. Kwenye kambi za kule Waafrika Mashariki wapo, Waganda, Wakenya, wanafanya kazi za mikataba, na huyu alikuwa wa Mombasa, mtu mzima, nikimkuta lazima nimwamkie shikamoo na yeye ananiita mwanangu. Unapeleka mfuko wako unahesabiwa nguo moja moja unapewa karatasi. Siku moja nikaenda kuchukua zangu akanipa na kimfuko cha nailoni pembeni, ndani kuna kibendera changu cha Tanzania, kilikuwa mfuko wa kifuani nikasahau kukitoa. Kasema "nimekiondoa kabla sijafua mwanangu, velkro ingekila." Tukaanza kuongea mambo ya beji. Akasema yeye nguo za watu mia zinampitia mkononi na kuna moja imemkaa moyoni, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kafir. Hizo zilivaliwa sana enzi za Iraki na Afghanistani, askari anajiandika mwenyewe kafiri, anaona ni ukaidi mzuri wa kumtega adui. Mzee akaniambia, "mimi nafua tu, lakini huyu kijana kesho yuaenda kusalimiana na watu wa hapa, na watu wa hapa wasoma."

Wasoma! Hilo neno lilinikaa. Mwenye beji yeye hakuwa hata anajua kuisoma, ila dereva wa lori, mkalimani, mlinzi wa geti, mtoto barabarani, wote wanaisoma kabla hajafungua mdomo.

Na kama unadhani ni mambo madogo ya begani, angalia Siria. Mei 2016 makomandoo wa Marekani walipigwa picha mkoa wa Raqqa wamevaa nembo za YPJ, kikosi cha wanawake wa Kikurdi waliokuwa wanapigana nao bega kwa bega dhidi ya ISIS. Nawaelewa kabisa, ukila na mtu na kulala naye handaki moja unavaa nembo yake, ni udugu. Lakini Uturuki ilikuwa inawahesabu hao Wakurdi kuwa tawi la PKK, kundi la Wakurdi wenye silaha lililopigana nayo miaka mingi, yani magaidi, na Uturuki ni mwanachama wa NATO na ndege za Marekani zilikuwa zinaruka kutoka kambi ya Incirlik huko huko Uturuki kwenda kupiga hao hao ISIS. Waziri wao wa mambo ya nje, Çavuşoğlu, akaja juu, akasema basi mkienda Afrika vaeni beji za Boko Haram. Jeshi likaamuru zibanduliwe na likasema hazikuruhusiwa. Kipande cha kitambaa kinaenea kiganjani, mawaziri wanajibizana!

Ufaransa nao Januari 2013 kule Niono, Mali, askari wao alipigwa picha amefunga skafu ya fuvu usoni kama wa kwenye gemu, dunia nzima ikaiona na jeshi lake likasema tabia hiyo haikubaliki. Na wenyeji wa Mali ndo waliokuwa wanaambiwa hawa wamekuja kuwaokoa. Australia wakaona wamalize kabisa, Aprili 2018 mkuu wa jeshi lao la nchi kavu, Angus Campbell, akapiga marufuku alama zote za kifo, mafuvu, Kifo aliyeshika mundu, fuvu la Punisher yule wa vitabu vya katuni, na wenzake. Askari wengi walinuna. Mi naona alifanya sahihi.

Wenzako watakwambia mbona hata hizi nembo rasmi zilianza kihuni. Ni kweli, usibishe. 1918 divisheni ya 81 ilienda Ufaransa na paka mwitu wamemshona begani bila ruhusa ya mtu, divisheni zingine zikalalamika, mwisho Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani kule, akaruhusu na wengine wote wakaambiwa watafute zao, jeshi zima la leo linavaa nembo begani kwa sababu ya yule paka. Ila angalia, paka alikuwa anasema sisi ni nani. Hakuwa anamtukana mtu wala kumtisha mwanakijiji. Beji za namna hiyo, utani wa kikosi, mnyama wenu, siku mliyolala kwenye tope mkacheka, hizo sina ugomvi nazo kabisa, muulize sajenti wa platuni (muulize YEYE, usiulize koplo mwenzio), akisema sawa vaa mazoezini, ukirudi kambini bandua.

Bendera ya nyumbani je? Naulizwa sana hii. Mi yangu ilikaa ndani, chini ya kofia au mfukoni, na ilinitosha, ukiigusa unaikumbuka. Begani pana bendera moja tu.

Alafu jamani likizo. Ukija Bongo usivae kombati wala jaketi lenye beji hata kama ni lako kihalali, na usimletee mdogo wako zawadi ya hivo vitu. JWTZ hawana utani na raia na mavazi yanayofanana ya jeshi, Agosti 2023 walitoa siku 7 wenye nazo wazisalimishe. Mpwa wangu alinililia sana nimletee, nikamletea njumu za mpira, alinuna siku mbili.

Na kama umeshavaa na picha iko mtandaoni, ifute leo, alafu nenda mwenyewe kwa sajenti wako kabla hajaletewa na mtu mwingine. Mimi ile yangu niliifuta usiku ule ule, nikampigia mama kumweleza zile radi ni za akina nani. Alinyamaza kidogo, akaniuliza tu, na huyo aliyekupa, alikuwa anajua?

Sijawahi kumpa jibu. Yule mshkaji nilimrudishia pachi yake, akaichukua bila kuniangalia usoni.