Fundi anataka kutoa R600a kwenye friza langu aweke R134a, nikubali?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina friza la kulala dukani kwangu hapa Tanga, nauza barafu, lambalamba na maji ya baridi. Nyuma limeandikwa R600a, 72 g. Lilianza kutogandisha, fundi wa kwanza akasema gesi imeisha akajaza, likafanya kazi kama wiki tatu likarudi pale pale. Wa pili anasema R600a ni gesi ya kulipuka, sio ya kukaa nayo dukani, tuitoe tuweke R134a. Wa tatu anasema hiyo R600a ni gesi ile ile ya jikoni, atajaza kutoka kwenye mtungi wangu wa kilo 15 kwa hela ndogo tu. Na huyo huyo anasema AC yangu ya nyumbani, ya zamani ya R22, ataigeuza iwe R290 kwa sababu ndo rafiki wa mazingira na haili umeme. Nimechanganyikiwa, nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, kati ya hao watatu usimsikilize hata mmoja, na nasema hivyo nikijua wawili kati yao wamegusa kaukweli kadogo, ndo maana wanakuchanganya.

Tuanze na huyo aliyesema gesi imeisha, maana hii kauli naisikia kila siku na inanichosha kweli. Gesi ya friji haiishi. Sio mafuta ya gari kwamba unatembea yanapungua, inazunguka humo humo ndani ya bomba lililozibwa kiwandani, na ingekaa hata miaka 20 bila kupungua gramu. Ikipungua maana yake kuna tundu, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia wiki tatu za baridi, basi. Kwenye friza la kulala tundu mara nyingi ni la kisu, wewe au kijana wako wa dukani mmechokonoa barafu iliyoganda ukutani ili kopo litoke, na ule ukuta nyuma yake kuna bomba jembamba la alumini. Kama hamjawahi kufanya hivyo basi lianze kuangaliwa pale kompresa ilipo, kwenye maungio na kwenye ile mipira midogo ya kujazia gesi ambayo fundi wa kwanza ameiacha, hiyo nayo huvuja sana.

Sasa kuna jambo la R600a ambalo mafundi waliozoea R134a hawalijui na linaua mafriza mengi. R600a ni isobuteni (kwa Kiingereza isobutane), inachemka kwenye nyuzi 11.7 chini ya sifuri. Ili friza lako ligandishe vizuri gesi ndani inatakiwa ichemke kwenye nyuzi kama 25 chini ya sifuri, na kwenye joto hilo presha yake ni kama nusu tu ya presha ya hewa hii tunayovuta. Yaani friza zima kabisa, jipya, ukilifunga geji, kile kipima presha, upande wa kunyonya mshale unakaa chini ya sifuri. Fundi wa R134a akiuona mshale huo anashtuka, anasema gesi hamna humu, anaongeza, anaongeza tena mpaka mshale upande pale alipouzoea, kumbe amejaza mara mbili ya zile gramu 72 na kompresa imeanza kuungua. Tena kwa sababu upande ule uko chini ya presha ya hewa, kukiwa na tundu pale gesi haitoki tu, hewa inaingia, na hewa ya Tanga unaijua, imejaa unyevu. Unyevu unaganda kwenye mdomo wa kapilari, lile bomba jembamba sana linalopitisha gesi kidogo kidogo, friza linagandisha asubuhi, mchana linaacha, jioni linagandisha tena, na mtu anakwambia ni umeme. Gesi hii haijazwi kwa geji, inajazwa kwa mzani wa dijitali, gramu 72, sio 70 na sio 80.

Wa pili. Ni kweli R600a inawaka, sitakudanganya. Ila piga hesabu na wewe. Duka la mita 3 kwa 4 lenye dari ya mita 2.7 lina ujazo wa kama mita za ujazo 32. Zikivuja gramu zote 72 kwa mpigo zikachanganyika na hewa ni kama gramu 2 na kidogo kwa kila mita ya ujazo, wakati isobuteni inahitaji kama gramu 43 kwa mita ya ujazo ndo iweze kushika moto. Ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inatambaa chini, ndo maana hatuweki friza kwenye shimo wala kwenye kabati lisilo na pumzi, na kiwango cha kimataifa kimeweka mwisho gramu 150 kwa friji za nyumbani. Wakati huo huo jikoni una mtungi wa kilo 15, hiyo ni zaidi ya mara 200 ya gesi iliyoko kwenye friza, na unalala nao nyumba moja bila wasiwasi. Friji za gesi hizi zilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1993, kiwanda cha Foron wakisukumwa na Greenpeace, na leo friji nyingi ndogo mpya ni R600a, hata friji nyingi za chanjo za sola kwenye zahanati za vijijini.

Halafu hiyo R134a anayotaka kuweka. Kompresa ya R600a ina silinda kubwa na mota ndogo, kwa sababu gesi yake ni nyepesi, ukiipa R134a mota inabeba mzigo isioumbiwa. Oili nayo, R600a inatumia oili ya madini ambayo R134a haichanganyiki nayo, kwa hiyo oili ikitoka haifiki tena kwenye kompresa, inabaki huko kwenye bomba, kompresa inakauka. Miezi michache tu atarudi kukuuzia kompresa. Na kwa ajili ya nini? Kilo moja ya R134a ikivujia hewani inapasha dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100, isobuteni ni kama kilo 3 hivi. Umepewa friza lenye gesi safi na linalokula umeme kidogo, unalipa mtu akuharibie yote mawili!

Huyo wa tatu ndo ananikera kuliko wote kwa sababu anatumia jina zuri. Gesi ya jikoni ni mchanganyiko wa propeni (propane) na buteni (butane), leo uwiano huu kesho mwingine kutegemea meli iliyoshusha, ina unyevu, ina uchafu, ina dawa ya harufu. R600a ya friji imesafishwa mpaka asilimia 99.5 na haina harufu. Ukijaza ya jikoni presha haitabiriki kabisa, propeni ikizidi upande wa kusukuma unapanda sana, kapilari inaziba, na hakuna fundi mwingine atakayekuja kesho akajua kilichomo, atawasha tochi yake kuchomelea akiamini nyuma pameandikwa kweli. Hapo ndo moto unapotokea dada yangu. Moto wa mafriza unaouona kwenye makundi ya WhatsApp mwingi sio friza limelipuka lenyewe usiku, ni fundi amekata bomba kwa tochi gesi ikiwa bado ndani. Bomba la R600a linakatwa kwa kisu cha bomba, baada ya gesi kutolewa nje kwa mpira mbali na moto na mfumo kupulizwa naitrojeni.

Na sasa hii ya kugeuza AC za R22. Naipenda R290, niwe wazi, ni propeni safi, inapoza vizuri na haigusi ozoni kabisa, wakati R22 inaitoboa ozoni na kila kilo yake ni sawa na kilo 1,810 za hewa ukaa. India, kampuni ya Godrej walianza kuuza AC za R290 mwaka 2012. Lakini hizo zimetengenezwa hivyo tangu kiwandani, relei, zile swichi za umeme za ndani, zimezibwa zisitoe cheche, bomba limefupishwa, gramu zimehesabiwa kufuata ukubwa wa chumba. AC yako ya zamani haina hata kimoja. Kwa vile presha za R22 na R290 zinakaribiana, fundi anatoa ile anaweka hii, inapoza, anaondoka na hela yake, na wewe unabaki na gramu 300 au 400 za propeni isiyo na harufu juu ya kitanda, mlango umefungwa, na relei za zamani zinazopiga cheche kila kompresa ikiwaka. Na nyuma ya AC bado pameandikwa R22. Marekani, shirika lao la mazingira EPA liliruhusu R600a kwenye friji mpya za nyumbani mwaka 2011, na shirika hilo hilo mwaka 2013 likatoa onyo kwamba watu wasijaze propeni kwenye AC zilizotengenezwa kwa R22.

Wanaogeuza geuza hivi wanatuharibia sisi tunaohangaika kuzitangaza hizi gesi. Tamahere, New Zealand, Aprili 2008, ghala la baridi lilikuwa na karibu kilo 400 za gesi yenye propeni isiyotiwa harufu, ikavuja, zimamoto wakaitika alamu wakaingia bila kujua kuna nini, likalipuka, mmoja akafa na saba wakaumia. Hapa kwetu itatosha nyumba moja kuungua kwa AC iliyogeuzwa vichochoroni, watu wataacha kununua hata zile salama za kiwandani, na tutarudi kugombania R410A, gesi ya AC nyingine nyingi, wakati makubaliano ya Kigali ya 2016 yameshaanza kuzibana hizo gesi, nchi zetu ukomo umeanza 2024 na mpaka 2045 zinatakiwa zimepungua kwa asilimia 80. R22 yenyewe mwisho wake 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Kwa hiyo AC yako izibwe tundu kama lipo, isafishwe, itumike na R22 yake mpaka ichoke, na siku ukinunua mpya uliza ya R290 ya kiwandani, ukiikosa chukua R32, ambayo kwa hali ya hewa ina madhara kama theluthi ya R410A.

Friza lichomoe kwa sasa. Atakayekuja mwambie kabla hajagusa chochote akuonyeshe mzani, pampu ya vakyumu na mtungi wa naitrojeni. Atafute tundu kwa naitrojeni na povu la sabuni, abadilishe draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, avute vakyumu, yaani atoe hewa yote ndani, kwa pampu na sio kwa kompresa ya friza lenyewe, apime gramu 72, afunge bila kuchomelea, na kile kibandiko cha njano cha moto abakishe pale pale kwenye kompresa. Kama tundu liko ndani ya ukuta wa povu akwambie ukweli, saa nyingine kulifukua ni gharama kuliko friza.

Na kuna wengine naitrojeni hawana wanatumia oksijeni ya kuchomelea kupima presha. Oksijeni ikikutana na oili ya kompresa kwenye presha inalipuka hata kama hamna gesi yoyote ndani, iwe R600a, R134a au R22, haijalishi. Ukiona mtungi wa oksijeni unaungwa kwenye friza lako, msimamishe kabla hajafungua valvu, akikataa toka nje na wateja wako.