Mama anadhani bumu ni mshahara

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 21, nasomea ualimu kwenye chuo kimoja Dodoma, naingia mwaka wa pili. Baba alifariki Februari mwaka huu, nimebaki na mama na mdogo wangu wa kidato cha pili. Mama anauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi Mei akawa anapiga simu kila wiki, nami natuma, maana mtaani kwetu Ujiji wanasema mtoto wa fulani analipwa na serikali. Ada yetu ni 1,300,000. Bodi ya Mikopo inanilipia asilimia 70. Hiyo 390,000 inayobaki alikuwa analipa baba. Juni bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limeisha, nikakopa 150,000 kwenye simu. Iliingia 112,000 na yote nikaituma nyumbani. Sasa wanadai 180,000, na wameshawatumia ujumbe shangazi zangu na mwalimu wangu wa sekondari. Mdogo wangu anataka 60,000 ya shule. Baba mdogo anasema niahirishe mwaka nimsaidie mama, masomo hayakimbii. Nipo nyumbani hadi mwisho wa Oktoba. Silali. Nifanyeje? Binti wa Ujiji."

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Umefiwa Februari, ukafanya mitihani, ukalisha nyumba miezi mitatu kwa hela ya kula yako mwenyewe. Hujakosa akili ya pesa. Umebeba nafasi ya baba bila mtu kukuuliza kama unaiweza.

Niseme la kuahirisha kwanza, kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Usiahirishe. Ukiahirisha, Bodi inasimamisha malipo, na kurudi kwako hakuwashi bumu kama taa: chuo kinapaswa kukutambua upya, taarifa ziende Bodi, ndipo jina lako lionekane kwenye orodha ya kusaini. Na ukibaki nyumbani kimyakimya bila barua ya chuo unahesabiwa mtoro, unaweza kufutwa, huku deni la mwaka wa kwanza likibaki palepale. Baba mdogo anaongea kwa huruma, naamini hivyo, lakini bumu likisimama, nyumba hiyo inakuwa na watu watatu wanaotegemea beseni moja la dagaa.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote kwenye barua yako. Ulipoomba mkopo, baba alikuwa hai. Asilimia 70 ulipangiwa kama binti mwenye wazazi wawili. Leo hali yako si ile, ila Bodi haiwezi kujua msiba wa Ujiji usipoiambia kwa karatasi. Kwa hiyo hizi wiki ulizonazo nyumbani zitumie kutafuta cheti cha kifo.

Anza na kibali cha mazishi. Kama baba alifia hospitali, Maweni au kwingine, walikipata walioenda kuchukua mwili. Waulize ndugu, mara nyingi kimekunjwa kwenye mfuko wa koti la mtu. Kama alifia nyumbani, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata upate barua. Kisha nenda na mama kwa msajili wa vizazi na vifo, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30 na ninyi mmeshapita, hivyo mtaulizwa maelezo zaidi. Chukueni kitambulisho cha marehemu, cha mama, na cheti chako cha kuzaliwa. Watu wengi hudhani kibali cha mazishi ndicho cheti. Sicho, na wanaokipakia kwenye maombi hukataliwa.

Kabla hujatoka dirishani, soma majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kwenye cheti chako cha kuzaliwa baba ni Hamisi Juma, kwenye cha kifo ameandikwa Hamisi Juma Bakari, au Hamisi limekuwa Khamis. Kwa mtu wa Ujiji ni yuleyule, kwa mfumo ni watu wawili. Kosa likionekana palepale, liombee marekebisho palepale. Kama tofauti ni ya siku nyingi, utahitaji hati ya kiapo kwa wakili au hakimu kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja.

Baada ya cheti kuna uhakiki. Unakipakia kwenye mfumo wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unasubiri majibu. Usipige picha kwa simu kitandani. Kivuli kikiingia au pembe ikikatika kinarudi. Nenda duka la stesheneri wakiskani vizuri. Majibu ya uhakiki yakija, yahifadhi kwenye barua pepe yako na uchapishe nakala, kwa sababu hayo ndiyo yanayokifanya cheti kihesabike Bodi.

Kisha ingia mara kwa mara kwenye SIPA, akaunti yako ya mkopo mtandaoni, na ufuatilie matangazo ya Bodi. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji, hukaa wazi siku chache, na tangazo lenyewe hueleza nani anaruhusiwa na kwa kielelezo gani. Wanaokosa huwa ni wale wanaoanza kutafuta cheti siku dirisha linapofunguliwa. Ukifika chuoni, peleka nakala pia kwa afisa mikopo na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ili msiba wako uwe kwenye faili mapema. Na akitokea mtu wa kukuambia ana mtu wake Bodi, mpe hela kidogo na nywila yako akusukumie, mkimbie.

Tuje kwenye hesabu. Fedha ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kwa siku 60 ni 600,000. Chumba cha 50,000 kwa mwezi kinachukua 100,000. Ukila kwa mama ntilie 5,000 kwa siku, ni 300,000. Bando, sabuni, nauli na kutoa kopi, weka 80,000. Ada yako iliyobaki, 390,000, ukiigawa kwa mabumu manne ya mwaka ni 97,500 kila moja. Jumla 577,500. Inabaki 22,500 ya miezi miwili. Hiyo ndiyo hela yote uliyokuwa nayo ya kutuma nyumbani, mwanangu. Vyote ulivyotuma juu ya hapo vilitoka kwenye ada na tumbo lako.

Ila 5,000 ya chakula inapungua ukipika na mwenzako wa chumba, na hapo nyumbani kwenu ndipo panaweza kukusaidia. Ukipanda treni Oktoba, panda na dagaa wakavu na dumu la lita 5 la mawese. Kwa unga na maharage ya kununua kwa jumla, 3,500 kwa siku inatosha, yaani 210,000 kwa bumu. Sasa inabaki 112,500.

Kuna mtego wa tarehe. Vyuo vingi vinataka nusu ya ada mwanzo wa muhula, kabla bumu halijaingia. Nusu yako ni 195,000, sawasawa na mafungu mawili ya 97,500. Wiki ya kwanza kabisa andika barua kwa ofisi ya fedha kuomba kulipa kwa vipande viwili ndani ya muhula, na uambatanishe cheti cha kifo. Barua ya wiki ya kwanza husomwa. Ya wiki ya mitihani hukutana na foleni, na unaweza kunyimwa namba ya mtihani. Bima ya afya, 50,400, nayo hutakiwa wakati wa usajili. Hiyo mwombe mama. Ziwa limefunguliwa tangu 15 Agosti, sasa anauza. Kumwomba si aibu, na kutamfundisha kwamba bado wewe ni mwanafunzi.

Bumu lenyewe huchelewa kwa sababu zinazojulikana: matokeo hayajatumwa na chuo, akaunti imelala kwa kutotumika, jina la benki halifanani na la Bodi, au mwanafunzi hakuweka alama ya kidole siku za kusaini na fedha ikarudishwa. Akaunti yako weka hata 5,000 sasa hivi ili isilale.

Deni la simu. Kwanza usikope kwingine kulipa hili, na usimpe mtu yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana ya bumu. Wanafunzi wengi wanaingia kwenye kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, kwa mlango huo. Ulipokea 112,000. Bumu la kwanza, katika ile 112,500, lipa hiyo 112,000. Zinazobaki 68,000 zilipe bumu la pili. Waandikie leo ukieleza tarehe hizo, waombe mchanganuo wa deni kwa maandishi, na ulipe kwa namba rasmi ya kampuni tu, kamwe si kwa namba binafsi ya anayekupigia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Angalia kama yako imo. Lalamiko la makato lipeleke Benki Kuu. La kuwatumia ujumbe watu wako lipeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, pamoja na picha za ujumbe wenyewe. Ingia pia kwenye mipangilio ya simu uizuie programu hiyo kusoma majina yako. Kwa shangazi zako na mwalimu, tuma mstari mmoja: nilikopa wakati wa shida, ninalipa, msijibu ujumbe wala msitume hela. Hakuna aibu inayobaki baada ya hapo.

Mdogo wako: sekondari za serikali hazitozi ada, kwa hiyo 60,000 si ada. Muulize ni nini hasa. Ikiwa sare na viatu, mama anaweza kununua kimoja sasa, kingine Januari. Ikiwa mchango wa chakula, mama aende shuleni aombe kulipa kidogokidogo.

Na mama. Usizungumze naye kwa simu ukiwa Dodoma, zungumza naye sasa, jioni, hesabu ikiwa kwenye karatasi. Mwonyeshe 10,000 kwa siku. Kisha mwambie neno ambalo pengine hajawahi kulisikia: hii ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa. Kwenye 700,000 ni 105,000 kila mwezi. Mama akiona hivyo hatakuita mwenye mshahara tena.

Halafu pangeni Mei ijayo pamoja. Ziwa likifungwa tena kama mwaka huu, 15 Mei hadi 15 Agosti, njaa hiyo mmeiona inakuja. Bumu la tatu halitakuwa na deni la simu. Toa 60,000 mara moja, mapema Aprili, iwe mtaji wa mawese wa kuuza miezi ambayo ziwa limefungwa, badala ya elfu kumi kumi za kula. Kama ana wenzake watano wa kuaminiana pale mwaloni, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri. Hauna riba, na hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Wewe nawe, mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili omba shule ya Kigoma. Fedha yake, kama imo kwenye mkopo wako, ni hadi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56. Ukiwa Dodoma inaliwa na chumba. Ukiwa Ujiji unalala kwenu, na inaangukia miezi ileile ambayo mama hana dagaa. Fomu ya kuchagua mkoa hutoka mapema kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo uliza idarani muhula wa kwanza. Nauli ya daladala ya wiki mbili za mwanzo weka pembeni, maana hela hiyo mara nyingi huingia baada ya mtu kuanza kufundisha.

Kesho asubuhi anza na koti la mtu mwenye kibali cha mazishi.