Maswali ya Mifugo: Farasi Wanakonda na Watu Wanasema ni Uzee

SWALI: Daktari salamu. Mi ni saisi hapa Naivasha, nimeachiwa farasi saba waliostaafu polo, mdogo ana miaka 19 na mkubwa 27, na bosi hataki kusikia habari ya kuwauza, anasema wafie hapa hapa. Sasa wawili wamekonda mpaka mbavu zinahesabika na kula wanakula siku nzima, kuna jike mmoja ana manyoya marefu hata wakati wa jua kali na maji anamaliza ndoo baada ya ndoo, na mwingine akitoka asubuhi anatembea kama anakanyaga miiba. Jirani mwenye ng'ombe anasema huo ni uzee tu, niwape chakula cha ng'ombe wake wa maziwa na niwaogeshe na dawa yake ya kupe. Nifanyeje?

JIBU: Kaka, umeeleza vizuri kuliko madaktari wengine ninaowajua. Jirani ana nia njema ila vyote viwili achana navyo leo leo. Kuna vyakula vya ng'ombe na vya kuku vinatiwa dawa inayoitwa monensini, ng'ombe hana neno nayo lakini kwa farasi inaharibu misuli ya moyo na kidogo tu inatosha kumuua, dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Na hiyo ya kupe mwambie akuonyeshe chupa, ukikuta imeandikwa amitrazi mrudishie, farasi akipakwa hiyo matumbo yanaweza kusimama na ukaamkia koliki, yani maumivu makali ya tumbo.

Haya, wale waliokonda. Nenda pale wanapokula ukaangalie chini, ukiona mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu zikatemwa, basi shida iko mdomoni. Meno ya farasi yanachomoza maisha yake yote, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka, na yanasagika kiasi hicho hicho, sasa akishavuka miaka ishirini na kitu jino linaanza kuisha kabisa. Yaliyobaki yanatoa ncha kali, magego ya juu yanachoma shavu na ya chini yanachoma ulimi, kwa hiyo anatafuna kwa maumivu halafu anatema. Ita daktari wa mifugo mwenye vifaa vya farasi aupanue mdomo vizuri na apige tupa, na kwa hao wazee hiyo ni kazi ya kila mwaka, wengine mara mbili. We usijaribu kuingiza mkono huko nyuma, vidole utavihitaji.

Kama magego yameisha kabisa, nyasi kavu ndefu ni mapambo tu kwake. Loweka lusani (alfalfa) iliyosagwa au ile ya vidonge mpaka iwe uji, farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 7 za chakula kikavu kwa siku (pima kabla hujaloweka), na umgawie mara tatu au nne, usimwagie yote asubuhi. Pumba za ngano watu wanazipenda sana kwa vile ni bei nafuu, ila zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, ukizifanya ndo chakula chenyewe mifupa inaumia. Na waliokonda wale peke yao, maana kwenye kundi kuna mbabe mmoja ambaye hata akishiba hawezi kumwacha mnyonge ale kwa amani.

Huyo jike wa manyoya, hapo mi sidhani ni uzee. Manyoya yasiyopukutika, kiu, kukojoa sana, mgongo kuisha nyama na tumbo kushuka, hizo ni dalili za ugonjwa wa Cushing, yani tezi iliyo chini ya ubongo imezidisha homoni. Damu ipimwe ACTH, moja ya homoni za tezi hiyo, na ikithibitika kuna dawa inaitwa pergolaidi, anapewa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, kwa hiyo bosi ajue mapema hiyo ni gharama isiyoisha. Mnyoe manyoya asiteseke na joto, na mavi yake yapimwe mayai ya minyoo kabla ya kumpa dawa yoyote ya minyoo, kinga yake iko chini. Tena huu ugonjwa unaleta laminaitisi, yani uvimbe wenye maumivu ndani ya kwato, kwa hiyo kila siku mshike kwato uone kama zina moto.

Na huyo wa miiba inaweza kuwa laminaitisi yenyewe. Kama kwato ni za moto, mshipa wa nyuma ya kifundo unagonga kwa nguvu na amesimama ameegemea nyuma, mtoe kwenye nyasi mbichi, mwekee maranda mazito alale na daktari afike siku hiyo hiyo. Lakini kama amekakamaa asubuhi tu halafu akitembea kidogo analainika, hayo ni maumivu ya viungo, usimfungie ndani, atazidi kukaza. Byuti (dawa ya maumivu, fenilbutazoni) inasaidia ila kipimo apange daktari, ikizidi inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Na kwa vile Naivasha mna punda milia na visubi, nauliza tu, chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), unaoenezwa na visubi, wamepata mwaka huu? Waingize ndani kabla jua halijazama.

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Niko Lamu, punda wangu mzee wa kubeba mchanga hajala tangu juzi, lakini katulia tu, hajilazi wala hagaragari. Nimpe siku ngapi?

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu, usimpe hata moja. Punda huficha maumivu, huko kutulia kwake ndo kuumwa kwenyewe, na asipokula mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu na kuziba ini, akifika hapo kumrudisha ni kazi ngumu, hasa akiwa mzee au mnene. Mpeleke leo kwenye kile kituo cha punda pale mbele ya bahari, njiani mjaribu na majani mabichi au chochote anachokipenda. Kama ana mwenzake aliyemzoea wapeleke wote wawili, ukiwatenganisha huyo mgonjwa ndo hatagusa kitu, na huyo mwingine naye anaweza kugoma.