Kioo cha laptop kinachoka kwa saa, si kwa miaka

Mkuu, umeuliza kama laptop yako ya 2016 kioo kimefika mwisho, maana rangi zimefifia na nyeupe imeanza kuwa njano. Mimi ni fundi hapa Dar, nyingi zinazopita mezani kwangu ni used za Dubai, kwa hiyo najibu kwa ninayoyaona.

Kwanza zima mwanga wa usiku (Night light), ule unaofanya kioo kiwe cha njano, kwenye mipangilio. Usicheke. Wapo wateja wanaokuja na hela ya kioo mkononi, kumbe ni hicho tu. Halafu ichomeke kwenye TV kwa HDMI. Njano ikitokea na huko, kioo hakina kosa.

TV ikiwa safi, tuhamie kwenye taa. Kwenye LCD, yaani kioo cha kawaida kinachomulikwa na taa za ndani, kinachochoka mapema ni zile taa ndogo za LED zilizopangwa ndani, kwa kawaida ukingo wa chini. Watengenezaji wengi wa paneli, yaani kioo chenyewe, huandika saa 12,000 hadi 15,000 kabla mwanga haujabaki nusu. Mtu wa ofisini, saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, anakula karibu saa 2,500 kwa mwaka, hivyo anafika huko kwenye mwaka wa tano au wa sita. Mwanafunzi wa saa 3 kwa siku anamaliza shahada na kioo bado kizima. Ndiyo maana mwaka wa kutengenezwa haunitishi. Nauliza ilikuwa kwa nani. Laptop ya kaunta, inayowaka kutwa mwanga ukiwa mwisho, ndiyo ya kuogopa.

Na nusu si giza. Paneli ya niti 400 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) ikibaki na 200 unafanya kazi ndani bila shida. Ya niti 220 ikibaki na 110, ukikaa karibu na dirisha husomi kitu. Watu wanasema vioo vya bei rahisi vinakufa mapema, wakati vingi vilianza na mwanga kiduchu tangu dukani.

Njano yenyewe inaletwa zaidi na joto: karatasi za plastiki zinazosambaza mwanga hubadilika rangi taratibu. Njano ya uchakavu hutanda kioo kizima, au hukolea chini karibu na taa. Doa jeupe moja katikati ni la kubanwa kwenye begi. Picha ikicheza unapogusa mfuniko, angalia waya unaopita kwenye bawaba, na waya ni bei ndogo sana, usikubali kuuziwa kioo.

OLED ni habari nyingine. Kila nukta inajiwashia yenyewe na ya bluu ndiyo inayochoka haraka, hivyo upau wa chini wa Windows unaweza kuacha kivuli chake. Ufiche, na usikae na mwanga wa mwisho.

Ukiamua kubadilisha, fuata namba iliyo mgongoni mwa paneli yenyewe, si jina la laptop, maana modeli moja inaweza kuwa na kioo chenye plagi ya pini 30 au 40. Na ukienda kununua used nyingine, muuzaji atakuwashia picha ya bahari yenye rangi kali. Mwambie afungue Notepad tupu, mwanga mwisho, ulinganishe nyeupe yake na ya simu yako.