Ulikula mchana wa Ramadhani makusudi? Tofautisha kadha na kafara kwanza

Ndugu yangu, umesema enzi za ujana ulikua unakula mchana wa Ramadhani kwa makusudi, sasa kuna mtu kakwambia kila siku moja ulipe siku 60 mfululizo na umekata tamaa. Hizo 60 ndo kafara, kadha ni kulipa siku moja kwa siku moja. Subiri kwanza.

Mimi nafundisha darasa la watu wazima msikitini na hili swali huwa linakuja kila Ramadhani ikikaribia, na nilichokiona ni kwamba hizo 60 ndo zinafanya watu wasilipe hata moja, mtu anapiga hesabu anaona maisha hayatoshi basi anaacha kabisa.

Kwa madhehebu ya Shafii kafara ile nzito (kuacha huru mtumwa, ukikosa miezi miwili mfululizo, ukishindwa kulisha maskini 60) ni ya aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani na yeye kafunga. Ile hadithi ya Abu Hurayra yule bwana aliekuja kwa Mtume (s.a.w.) akisema nimeangamia, kosa lake lilikua hilo la mkewe, sio chakula. Aliyekula kafanya dhambi kubwa, hapo hakuna mjadala, lakini anachodaiwa ni toba ya kweli na kulipa siku kwa siku. Hanbali nao hivyo hivyo. Hanafi na Maliki ndo wanampa kafara hata aliyekula, kwahiyo aliyekwambia hajatunga, ila angekwambia pia kauli ni ya nani.

Sasa kulipa kwenyewe. Idadi huikumbuki? Kadiria mpaka moyo uwe na yakini kwamba hazizidi hapo. Sio lazima zifuatane, ila nia uweke usiku kabla ya alfajiri, na hapa ndo wengi wanakwama, mtu anaamka saa mbili asubuhi hana njaa anasema leo nalipa deni, hiyo haihesabiki.

Na usijifiche kwa bibi Aisha (r.a.) kwamba alikua analipa mpaka Shaaban, yeye za kwake zilikua na udhuru. Wewe uliyekula bila udhuru unatakiwa uanze mara moja, hata zile sita za Shawwali ziweke pembeni, huwezi kukimbilia sunna na faradhi imekukaba shingoni. Halafu kwa kuwa Ramadhani nyingine zimepita hujalipa, kwa Shafii unaongeza kibaba cha chakula kikuu kwa maskini kwa kila siku unayodaiwa, na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kinaongezeka kila mwaka unaochelewesha. Hanafi hawana hicho kibaba. Kama mfuko haujakaa vizuri anza na funga, kibaba kitafuata.

Angalia tu usiangukie Idi mbili na zile siku tatu baada ya Idi kubwa, hazifungwi hata kama una deni.